Skafu Isiwe ya Mwenye Pesa: Tuongee Kuhusu Haki Katika Ngazi za Skauti Kambini



Leo nataka tuongee kuhusu skauti. Najua tayari kuna mtu anasema, "Aah, skauti tena? Mgao umepunguzwa, watu wanalala njaa, wewe unatuletea maneno ya skafu?" Nisikilizeni kidogo, halafu mtaniambia kama nimepoteza muda wenu.

Sisi tunaoishi kambini, karibu kila kitu kizuri kinakuja kwa orodha. Chakula kina orodha, sabuni ina orodha, shule ya sekondari ina orodha, ufadhili wa chuo una orodha, safari ya nchi ya tatu ina orodha. Unaamka asubuhi, unaenda kuangalia ubao, jina lako liko au haliko. Na mara nyingi hujui kwa nini liko au kwa nini haliko. Kijana anaweza kuwa wa kwanza darasani miaka mitatu mfululizo na orodha ikatoka bila jina lake. Mwingine hakufanya lolote na jina lake likatoka. Ukikulia katika hali hiyo, unajifunza mapema kwamba juhudi ni kitu kimoja na matokeo ni kitu kingine, na havijuani.

Skauti ilitakiwa kuwa tofauti. Pale hakuna usaili, hakuna faili, hakuna namba ya kesi. Kuna fundo, umefundishwa, unalifunga mbele ya wenzako, limeshika, basi umefaulu. Kuna mtoto ameumia, unajua kumfunga bandeji, unafunga, umefaulu. Mtoto wa miaka 11 anaona kwa macho yake kwamba alichojifunza kimempeleka mbele. Kwa mtoto wa kambini hilo si jambo dogo. Pengine ndiyo mara yake ya kwanza kuliona.

Ndiyo maana inaniuma ninapoona ngazi za skauti nazo zinaanza kupandwa kwa njia ileile ya orodha.

Nitoe mfano wa kundi letu, bila kutaja jina wala kambi, kwa sababu shida hii si yetu peke yetu. Mwaka jana tulipata nafasi 12 za kwenda kupiga kambi siku tano nje, pamoja na skauti wenyeji. Sisi tuko zaidi ya 60. Ijumaa jioni likatoka tangazo: wenye sare kamili waje kesho saa mbili asubuhi. Basi. Hakuna aliyeuliza nani amemaliza majaribio ya ngazi yake, nani anajua huduma ya kwanza, nani amekuwa akifundisha wadogo. Waliokuja na shati, kaptula, mkanda, kofia na viatu vyeusi ndio waliokwenda. Waliporudi, sita kati yao wakavishwa beji, kwa sababu katika kitabu kuna jaribio la kulala nje na wao wamelala nje.

Kati ya waliobaki kulikuwa na dada mmoja wa miaka 15. Huyo ndiye tunayemwita mtoto akianguka. Aliwahi kufunga mkono wa mtoto uliovunjika kwa vipande viwili vya mti na kitenge, akampeleka zahanati, na muuguzi akasema aliyeufunga alijua anachofanya. Dada huyo hana beji ya huduma ya kwanza. Hata skafu hana, hajavishwa. Kwa nini? Amekosa Jumamosi nyingi, kwa sababu Jumamosi ni zamu ya nyumba yao kwenye bomba la maji na mama yake ni mgonjwa. Nilipomuuliza anasemaje, akanijibu kwa Kiswahili chetu cha kule Kivu: "Sasa miye nifanye nini? Maji njo ya kwanza. Kukosa yunifomu nayo njo kosa yangu?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Lakini swali lake nimelibeba, na ndilo nataka tulijibu pamoja.

Tuanze na sheria yenyewe inasema nini

Watu wengi wanadhani sheria za skauti ndizo zinazombana dada huyo. Hebu tuziangalie.

Skauti ilianzishwa na Robert Baden-Powell, Mwingereza aliyekuwa jenerali wa jeshi. Mwaka 1907 alichukua wavulana wapatao 20 akawapeleka kisiwa cha Brownsea, Uingereza, kupiga kambi ya majaribio. Baadhi walikuwa watoto wa matajiri kutoka shule za gharama, wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Aliwachanganya kwa makusudi katika patruli ndogondogo. Mwaka 1908 akatoa kitabu, na leo harakati hii ina wanachama zaidi ya milioni 50 duniani.

Sheria ya Skauti katika umbo lake la kawaida ina vipengele kumi. Cha nne kinasema, kwa maana yake, kwamba skauti ni rafiki wa wote na ndugu wa kila skauti mwingine, bila kujali mwenzake ni wa tabaka gani. Na katiba ya shirika la skauti la dunia inaeleza kwamba harakati hii ni ya hiari, ya kielimu, si ya kisiasa, na iko wazi kwa wote bila ubaguzi wa asili, rangi, jinsia wala dini. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa asiye na viatu vyeusi".

Na sare je? Hapa ndipo penye kichekesho. Baden-Powell alitaka sare kwa sababu inaficha tofauti. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wakivaa shati moja, huwezi kujua nani ni nani. Sasa sisi tumeigeuza. Sare imekuwa ndiyo inayoonyesha nani ana ndugu Marekani anayemtumia pesa na nani hana. Kitu kilicholetwa kufuta tabaka ndicho kinachopanga tabaka.

Na beji? Baden-Powell aliwasisitizia viongozi kwamba kipimo cha beji ni juhudi ya mtoto mwenyewe. Hakutaka watoto wote wapimwe kwa kiwango kimoja cha ustadi kana kwamba wote walianzia mahali pamoja. Mtoto aliyeanzia chini na akapanda sana amestahili zaidi ya yule aliyezaliwa anajua na hakuongeza kitu. Ndiyo sababu skauti mpaka leo wanasema maendeleo ni ya mtu binafsi. Unashindana na wewe wa jana. Hushindani na jirani yako.

Kwa hiyo tukisema kundi letu linafuata sheria, tujiulize: sheria ipi? Nyingi ya zile zinazotubana si za skauti. Ni mazoea yetu.

Vizuizi vinne

Nimefikiri na kuongea na wenzangu wa makambi mengine, na naona vizuizi vikubwa ni vinne.

Cha kwanza ni sare, nimeshasema. Mzazi auze nini ili mtoto apate shati la skauti? Auze mahindi ya mgao?

Cha pili ni kibali. Majaribio mengi yanataka safari: kutembea mbali, kulala nje, kusoma ramani mahali usipopajua. Kenya na Tanzania, mkimbizi anahitaji kibali kutoka nje ya kambi. Uganda mambo ni mepesi zaidi, sheria yao ya wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kutembea nchini, lakini nauli nayo ni kibali cha aina yake. Skauti wa Kenya kila Februari wanakwenda Nyeri kwenye kaburi la Baden-Powell, aliyefia huko Januari 1941. Skauti mwenyeji wa Turkana na skauti mkimbizi wa Kakuma wanaweza kusoma katika darasa moja. Mmoja akipata nauli anapanda basi. Mwenzake akipata nauli, bado anasubiri karatasi. Halafu mwisho wa mwaka tunawapima kwa jaribio lilelile na kusema mmoja ni mvivu.

Cha tatu ni karatasi za nyuma. Wengi wetu tulianza skauti nyumbani, Burundi au Kongo. Huko tulikuwa luveto, wengine wakafika mpaka rutie, na wengine walipewa totemu zao. Tumekimbia. Nani alikimbia na kadi ya skauti mfukoni? Tunafika upande huu, Kenya kwa mfano ngazi ni Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri, na kijana wa miaka 19 aliyekuwa ameshaongoza patruli anaambiwa hana uthibitisho, aanze upya na watoto. Wengi wanaona aibu, wanaacha. Ni hadithi ileile ya vyeti vya shule, tofauti ni kwamba fundo halihitaji kutafsiriwa na ofisi yoyote. Mpe kamba, aonyeshe.

Hapo hapo kuna suala la umri. Kambini kijana wa miaka 17 anaweza kuwa darasa la tano kwa sababu vita vilimla miaka minne. Ukimpanga kwa darasa, anakaa na watoto wa miaka 11. Ukimpanga kwa umri, hajui hata fundo la kwanza. Yote mawili yanamdhalilisha asipofikiriwa.

Cha nne ni siku na saa. Tunahesabu mahudhurio kana kwamba kila mtoto ana Jumamosi sawa. Sivyo. Wavulana wana Jumamosi kuliko wasichana, wote tunajua. Msichana ana maji, ana kuni, ana wadogo zake. Siku ya mgao nyumba nzima iko kwenye foleni. Ukisema "aliyekosa mara tano hapandi ngazi", umeandika sheria inayoonekana sawa kwa wote, lakini matokeo yake ni kuwaondoa wasichana na watoto wanaolea wenzao. Na hao ndio wanaoishi Sheria ya Skauti kila siku bila kuvaa kitu.

Na juu ya vizuizi hivyo vinne kuna kivuli cha tano ambacho watu wanaogopa kukitaja: upendeleo wa kabila na nchi. Shefu akiwa wa upande fulani, watoto wa upande huo wanapanda haraka. Simtaji mtu. Wakati mwingine hata si kwa nia mbaya, ni kwamba anawajua wazazi wao, anawafundisha kwa lugha ya nyumbani, wanamwelewa upesi. Lakini mtoto wa upande mwingine haoni nia. Anaona matokeo tu. Sisi tunaotoka Maziwa Makuu tunajua vizuri mbegu hiyo inaota mti gani. Maskauti wa Burundi, Rwanda na Kongo waliwahi kufanya kazi ya pamoja ya kufundisha amani, waliyoiita Amahoro Amani, kwa sababu walijua chuki ya makabila inaanzia kwa vijana walioachwa bila kuongea. Itakuwa ajabu kama sisi tuliokimbia chuki hiyo tutaipanda tena kwenye patruli.

"Sheria ni sheria"

Sasa wapo watakaonijibu, na majibu yao yana uzito, sitayapuuza.

Wa kwanza atasema: sheria ni sheria, ukianza kuzilegeza beji itakosa thamani. Wa pili, mara nyingi ni mgeni mwenye moyo mzuri, atasema: hawa ni wakimbizi, wameteseka, wapeni tu beji wafurahi.

Mimi sikubaliani na wote wawili, na nitaeleza kwa mfano wa zamani. Katika kitabu cha 1908, kufikia ngazi ya juu ya wakati ule kulikuwa na masharti makali. Ilibidi uwe na akiba ya shilingi moja benki. Ilibidi uogelee kama mita 45. Ilibidi uende safari ya maili saba, yaani kilomita kama 11, kisha urudi na uandike ripoti fupi. Lakini soma masharti hayo vizuri. Kuogelea, daktari akithibitisha kwamba maji ni hatari kwa afya yako, unasamehewa. Safari, unaweza kwenda kwa miguu au kwa kupiga makasia, na kama umebebwa na gari au mnyama, basi umbali unaongezeka kuwa maili 15.

Mnaona? Tangu mwanzo kabisa, njia zilikuwa zaidi ya moja. Sharti lilikuwa kwamba mtoto atoke, ajitegemee, aangalie, arudi, aeleze alichoona. Namna ya kutoka iliachwa ifuate hali yake. Kiwango kilibaki palepale.

Hicho ndicho ninachodai, hakuna zaidi. Kiwango kisiguswe, njia ziongezwe. Mtoto asiyeweza kutoka kambini atembee kilomita hizohizo ndani ya kambi na pembezoni mwake, kanda kwa kanda, achore ramani ya visima, zahanati, shule na mitaro inayofurika mvua ikinyesha, na aandike ripoti. Kwa kweli jaribio hilo ni gumu kuliko kufuata njia iliyochongwa na wengine, na ramani yake itasaidia watu. Kulala nje? Uwanja wa shule upo, usiku mmoja wapike, walinde zamu, wazime moto vizuri. Sisi tulilala nje kabla hatujajua kwamba ni jaribio.

Beji ya huruma mimi siitaki kabisa. Ukimpa mtoto beji ambayo hakuistahili, anajua. Wenzake wanajua. Na siku akikutana na skauti wa nje akaulizwa afunge fundo, ataaibika, na aibu hiyo itatupata wote. Huruma ya namna hiyo inatuambia kwamba hatuwezi. Sisi tunaweza. Tunachoomba ni kupimwa kwa kile kinachowezekana mahali tulipo.

Kuna wa tatu atakayesema: shefu anajitolea, anapata posho kidogo au hapati kitu, mnamlalamikia nini? Hapo nakubali nusu. Mashefu wengi wanafanya kazi ngumu, wao wenyewe ni wakimbizi, na ripoti wanayotakiwa kupeleka inauliza idadi na picha. Mgeni akija anataka kupiga picha watoto wenye sare waliojipanga vizuri mstari wa mbele. Shefu anajua picha hiyo ndiyo italeta mipira na mahema mwakani. Kwa hiyo anachagua wenye sare. Sioni ubaya wa mtu hapo, naona ubaya wa mpangilio. Lakini kujitolea hakumfanyi mtu asiulizwe. Mtoto naye anajitolea. Anakuja na njaa, anasimama juani saa mbili.

Hatukuwa wa kwanza

Huenda mnadhani skauti kambini ni jambo jipya ambalo halina mfano. Si kweli, na mfano wenyewe uko hapa hapa kwetu.

Katika vita vya pili vya dunia, maelfu ya watu wa Poland waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti walitoka huko kupitia Iran, na tangu 1942 wakaletwa Afrika Mashariki. Kulikuwa na makazi yao Tengeru karibu na Arusha, na Uganda huko Masindi na Koja. Tengeru peke yake walikuwa karibu 5,000, wengi wanawake na watoto, wengi wakiwa wamefiwa. Ndiyo, wakimbizi wazungu, kwenye nyumba za udongo na nyasi, Tanganyika. Na watoto wale walikuwa na skauti, wavulana kwa wasichana. Hawakungoja kurudi nyumbani ndipo waendelee na ngazi zao. Makaburi ya wale waliofia Tengeru bado yapo. Vivyo hivyo baada ya 1945, katika makambi ya Ujerumani na Austria, vijana wa Latvia, Estonia, Ukraine na kwingineko waliunda makundi yao ya skauti ndani ya kambi, na ofisi ya kimataifa ya skauti ikaweka kitengo cha kuwashughulikia.

Nasema hivi ili mtu asituambie kwamba majaribio hayawezi kufanyika kambini. Yameshafanyika, miaka 80 iliyopita, saa chache kutoka baadhi yetu tulipo.

Mfano mwingine ni wa uchungu. Afrika Kusini, chama cha skauti cha wazungu kilikataa kuwapokea vijana weusi. Mwaka 1922 wakaundiwa chama chao cha pembeni, wakaitwa Pathfinders, si skauti. Baadaye, mwaka 1936, wakaruhusiwa kuitwa skauti lakini katika tawi la peke yao. Ilifika 1977 ndipo vyama vikaunganishwa. Miaka yote hiyo, kipengele cha nne kuhusu undugu wa kila skauti kilikuwa kimeandikwa. Sheria nzuri ilikuwepo. Wasomaji wake ndio waliokuwa na namna yao ya kuisoma. Ndiyo maana mimi siridhiki nikiambiwa "sheria yetu haibagui". Nataka kuona nani amevishwa na nani hajavishwa.

Basi tufanye nini?

Sipendi kulalamika bila kupendekeza. Haya ndiyo mapendekezo yangu, na mengi hayahitaji pesa ya shirika lolote.

Moja, liwepo daftari la maendeleo lililo wazi. Ukurasa mmoja kwa kila mtoto: majaribio gani, ameyafanya lini, nani amemshuhudia. Daftari likae mahali ambapo kila skauti anaweza kulifungua. Mtoto akiuliza "kwa nini sijapanda?" ajibiwe kwa kuonyeshwa mstari, asijibiwe kwa kufukuzwa.

Mbili, mtoto akifanya jaribio ashuhudiwe na watu wawili, na wawili hao wasiwe wa jamii moja. Mkongo na Mrundi, Msomali na Msudani Kusini, kulingana na kambi yenu. Hapo maneno ya "wanabebana wenyewe" yatapungua.

Tatu, Baraza la Heshima lirudi. Hili si wazo langu, ni la skauti tangu zamani: viongozi wa patruli, wao kwa wao vijana, wanakaa na shefu, wanaamua nidhamu, ratiba na nani anawakilisha kundi. Makundi yetu mengi yamelisahau, shefu anaamua peke yake. Nafasi 12 zikija tena, baraza likae na daftari mbele yake, liamue, na sababu zisomwe mbele ya wote.

Nne, sare ya kuvishwa iwe skafu, basi. Sisi wengine tunaiita fulari, ni kitu kilekile. Skafu ndiyo alama inayojulikana duniani kote, na ni kipande cha kitambaa chenye pembe tatu. Vijana wanaojifunza ushonaji kambini wanaweza kuzishona. Mashati machache yakipatikana yawe mali ya kundi, yakae sandukuni, avae anayeliwakilisha kundi siku hiyo, ayafue, ayarudishe.

Tano, mahudhurio yahesabiwe kwa kazi iliyofanyika. Msichana ambaye Jumamosi yuko bombani apewe saa nyingine ya kuonyesha anachojua, au patruli yake imfuate. Na jamani, patruli nzima ikienda kumsaidia kuchota maji mara moja kwa wiki, hiyo nayo ni skauti. Kwani tunafundishana kusaidia watu gani, wa kwenye kitabu?

Sita, aliyekuja na ngazi kutoka nyumbani apewe miezi mitatu kuonyesha anachojua, kisha awekwe panapomfaa. Asiulizwe kadi. Aulizwe kamba, ramani, bandeji, na namna anavyokaa na wadogo.

Saba, masharti ya kila ngazi yaandikwe kwa lugha ambayo watoto wanasoma, yabandikwe ukutani. Sheria iliyo kichwani mwa mtu mmoja hubadilika akiamka vibaya.

Shefu wangu akisoma hapa, namwambia kwa heshima: Shefu, hakuna hata moja kati ya haya linalokupunguzia cheo. Daftari litakulinda. Siku mzazi akija kukugombeza kwamba umebagua mtoto wake, utamfungulia ukurasa.

Na ninyi wenzangu mliovishwa, mlio na sare na beji, msidhani ninawapiga vita. Nyingi mlizistahili. Lakini beji yako ina thamani pale tu ambapo mwenzako aliyeikosa anajua kwa nini ameikosa na anajua njia ya kuipata. Asipojua, atasema ulinunua, na wewe hutakuwa na namna ya kumwonyesha kwamba sivyo.

Wahenga walisema haki ya mtu haipotei, lakini mimi nimeona inachelewa mpaka mwenyewe anakata tamaa na kuondoka. Tayari wengine wameacha. Hatuwezi kubadilisha orodha za mashirika wala za balozi, kalamu yake haiko mikononi mwetu. Ya kundi la skauti iko mikononi mwetu. Daftari la kurasa mia linauzwa sokoni, na kamba tunayo.

Naomba kila kundi linalosoma hapa lijibu maswali mawili kwenye mkutano wake ujao: katika kundi lenu, mtoto anapandaje ngazi, na nani kati yenu hajavishwa ingawa anajua kuliko waliovishwa? Mkipata jina, msiliache liishie mkutanoni. Mfuateni huko aliko, hata kama ni bombani, mwambieni aje na anachokijua.